Unga Juu ya Chuma

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Bernadeta ameingia mzima mzima ndani ya bakuli la kijiko, amepiga magoti, na anatukana.

Hamtukani mtu. Anaitukana rangi. Ni rangi ya njano, mpya, inayong'aa, na imepakwa hadi ndani ya bakuli, mahali ambapo mawe yataikwangua yote siku ya kwanza ya kuchimba. "Ukiona bakuli limepakwa rangi mpaka tumboni, kuna mtu anaficha kitu," anasema bila kuinua kichwa. "Rangi ya namna hii haipakwi kwa ajili ya kazi. Inapakwa kwa ajili ya mnunuzi."

Mnunuzi mwenyewe amesimama pembeni, ameshika funguo za fuso iliyolileta. Anaitwa Said, ana miaka thelathini na minne, na anaishi Kisaki, ambako anakodisha kijiko chake kimoja, ule mtambo wa kuchimbia barabara na mifereji. Bakuli hili la kuchotea udongo amelinunua wiki iliyopita kwa dalali, shilingi milioni tatu na nusu. Jipya lingemgharimu milioni tisa na zaidi.

"Shikamoo tena, mama," anasema kwa upole wa mtu aliyeanza kuogopa. "Mimi nimeleta meno tu. Yale matano ya mbele yamekwisha. Ubadilishe niondoke."

"Marahaba. Meno nimeyaona," anajibu Bernadeta. "Sasa naangalia masikio."

Nyuma ya kila bakuli kuna masikio mawili ya chuma kizito, yenye matundu. Humo ndimo hupita pini zinazolishika bakuli kwenye mkono wa mtambo. Jino likikatika, kazi inachelewa. Sikio likikatika, bakuli zima linakuja chini pamoja na kila lilichobeba, na aliye chini yake hana pa kukimbilia.

Bernadeta ana miaka arobaini na saba, na mwaka wa kumi na tisa huu anachomelea vyuma katika uwanja wake uliopo Mafiga, mjini Morogoro. Alizaliwa juu milimani, Uluguru, kwenye familia ya wakulima wa kabichi. Ufundi alifundishwa na mzee Abeid, aliyestaafu kazi ya kiwandani Mzinga na ambaye alikubali kumfundisha baada ya kumfukuza mara mbili. Mzee huyo amekwisha kufariki. Alichomwachia ni nyundo ndogo na namna ya kuamua.

Uamuzi wenyewe hauna siri. Jino lililokwisha hubadilishwa. Mdomo wa bakuli uliolika huongezewa bamba. Ubavu ukipasuka, hutobolewa tundu mwisho wa ufa ili usiendelee, halafu huchomelewa. Hata sikio lenye ufa wa kwanza linaweza kutengenezwa na fundi anayejali. Lakini sikio lililochomelewa, likapasuka, likachomelewa tena palepale, Bernadeta haligusi.

"Chuma kikichomwa mara ya tatu mahali pamoja kinakuwa mkate mkavu," anasema. "Kwa nje unaona kizima. Ukikiminya tu, kinameguka. Hapo hakuna ufundi, hapo ni kununua jingine. Na mwenye mtambo hataki kusikia neno hilo."

Hataki kwa sababu kuchomelea ni laki moja na nusu, na jipya ni mamilioni. Hesabu yake huishia hapo. Mguu wa kibarua haumo kwenye hesabu hiyo, wala mgongo wake, wala watoto wake. Ukimuuliza, atakwambia kila mtu anajua kazi za mitambo ni za hatari. Hatari hiyo yeye huitazama akiwa ndani ya gari lenye kiyoyozi.

Bernadeta ameshabandua rangi kwa brashi ya waya. Anapaka mafuta ya taa kwenye sikio la kushoto, anayaacha yaingie, kisha anayafuta kwa kitambaa mpaka chuma kinakauka. Halafu anageuka na kumwita mtu aliyeketi kwenye kigoda karibu na mlango.

"Mika, chaki."

Mikaeli ana miaka thelathini na tisa. Ananyanyuka kwa kuegemea gongo lake, maana mguu wake wa kulia unaishia chini kidogo ya goti. Mkononi ana kopo la chaki za shule alizozitwanga zikawa vumbi. Ndiyo kazi yake hapa: kutwanga chaki, kugonga chuma kwa nyundo ya mzee Abeid na kusikiliza, na kusema anachokisikia.

Zamani Bernadeta aliwahi kutumia unga badala ya chaki. Alifanya hivyo siku moja tu. Siku hiyo hawezi kuisimulia akiwa amekaa, kwa hiyo anaisimulia akitembea huku na huko, brashi mkononi, sauti ikipanda.

Ilikuwa Machi, miaka miwili iliyopita. Mvua zilikuwa zimeporomosha kipande cha barabara karibu na kijiji cha kwao, na mkandarasi mmoja alipewa kazi ya kuweka makalavati mapya, yale mabomba mazito ya zege ya kupitishia maji chini ya barabara. Bakuli la kijiko chake lilikuwa linalia kila linaponyanyua mzigo. Bernadeta aliitwa apande kuliangalia. Alipanda kwa bodaboda, mvua ikamnyeshea njia nzima, na chaki mfukoni zikawa uji.

"Nikaenda nyumba ya jirani, kwa mama mmoja, Theresia. Nikamwomba unga wa muhogo, kikombe kimoja tu. Nikawaza, unga mweupe, chaki nyeupe, tofauti iko wapi? Ufa ukionekana, umeonekana."

Ufa ulionekana. Mafuta ya taa yaliyokuwa yamejificha ndani yake yalitoka na kulowesha unga, na mstari mweusi ukajichora kwenye sikio la kushoto kutoka tunduni hadi ukingoni. Ulikuwa umepita palepale palipokwisha kuchomelewa mara mbili. Bernadeta alimwita msimamizi wa kazi, Gabrieli, akamwonyesha kwa kidole.

"Nilimwambia kwa Kiswahili chepesi kabisa: sikio hili limekufa, msinyanyulie kitu, nunueni bakuli jingine. Akasema amenielewa, atampigia bosi simu. Giza lilikuwa linaingia na pikipiki inanisubiri. Nikashuka."

Unga ukabaki juu ya chuma.

Msomaji asiyewajua Waluguru anaweza asione neno hapo. Lakini kule juu, unga mweupe ukimwagwa mahali kwa makusudi, watu hawaulizi maswali mengi. Unga ni wa tambiko. Mjomba wa ukoo huumwaga akiwaomba wazee waliotangulia wawalinde walio hai, na wengi wa wanaokwenda misa kila Jumapili hawaoni ugomvi kati ya mambo hayo mawili. Asubuhi vibarua walipofika kazini walikuta bakuli lililowatia hofu wiki nzima limepakwa unga sikioni. Waliguswa, na baadhi yao walivua kofia.

Mikaeli alikuwa mmoja wao. Alikuwa mkulima wa kabichi aliyeomba kibarua ili apate ada za shule.

"Mimi niliona unga, nikajua tumeombewa," anasema taratibu, akinyunyiza chaki. "Tulikuwa tunalikwepa lile bakuli. Likinyanyuka, sisi tunarudi nyuma. Siku ile hatukurudi nyuma. Tulimuuliza msimamizi, yule mama wa mjini ameshamaliza? Akatuambia, kwani hamuoni? Ameshafanya kazi yake, ingieni mtaroni."

Kwani hamuoni. Gabrieli alijua maana ya unga ule, kwa kuwa alionyeshwa mstari mweusi kwa kidole. Aliwaona pia watu walivyouelewa, na akawaacha waelewe hivyo, kwa sababu iliokoa siku ya kazi na milioni tisa za bosi. Mwandishi wa makala haya amejaribu kutafuta neno la heshima la kuita kitendo hicho, na hajalipata.

Saa nne asubuhi kijiko kilinyanyua kalavati kwa mnyororo uliozungushwa kwenye bakuli. Sikio la kushoto likang'oka, bakuli likapinda, mnyororo ukachomoka. Kalavati likaangukia mtaroni, Mikaeli akiwa ndani.

Mkandarasi alilipa gari la kumteremsha hospitali na akapeleka gunia la mchele nyumbani. Baada ya hapo aliita jambo hilo ajali kazini. Gabrieli naye, alipoulizwa, alisema mama wa mjini alimwaga unga wake akaondoka, wao wakadhani amemaliza. Bernadeta hakuwa na karatasi yoyote ya kuonyesha, kwani alikuwa amesema kwa mdomo.

"Namchukia mkandarasi, namchukia Gabrieli, sifichi," anasema, na sasa amesimama. "Lakini mimi ni Mluguru. Mama yangu alinibeba mgongoni kwenda kwenye matambiko. Wa kwanza kujua unga ule utasomwaje nilipaswa kuwa mimi. Kwa nini sikuufuta? Kitambaa nilikuwa nacho mkononi!"

Alikwenda hospitali kumwomba Mikaeli msamaha. Mikaeli alimuuliza msamaha utamlisha siku ngapi, na akageukia ukutani. Miezi minne baadaye aliteremka Mafiga kwa gongo, akaomba kazi. Hawajawahi kuyarudia yale maneno ya hospitali.

Tangu hapo uwanja wa Bernadeta una sheria moja, na imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu: SIKIO LIKIFA, NALIKATA. Mteja anasomewa kabla ya kushusha mzigo. Likionekana limekufa, Bernadeta hulikata kwa gesi hapo hapo, asije mtu akalipeleka kwa fundi mwingine wa bei rahisi. Wateja wamemkimbia. Zamani alipata mabakuli manane kwa mwezi, siku hizi matatu, na kwa lile analolikata halipwi hata mia.

Said alisomewa asubuhi hii. Alicheka, akasema yeye ana shida ya meno tu.

Sasa hacheki. Chaki imetulia kwenye sikio la kushoto, na Mikaeli anagonga chuma kwa nyundo, polepole. Sikio la kulia linalia kama kengele. La kushoto linatoa sauti butu. Mstari mweusi unaanza kutokeza kwenye weupe, kwanza mfupi, halafu unatambaa kutoka tunduni hadi ukingoni.

Mikaeli anauangalia. Kisha anainama, anapitisha kidole kwenye bamba lililoongezewa mdomoni mwa bakuli, lenye kona iliyokatwa mshazari, kama anavyokata Bernadeta. "Dada," anamwambia Bernadeta, "hili bamba si la kwako?"

Bernadeta anasogea. Ni la kwake. Alilichomelea mwenyewe, miaka minne iliyopita, wakati bakuli hili likiwa bado mali ya mkandarasi wa kule juu. Yeye na Mikaeli waliambiwa kwamba baada ya ajali liliuzwa kama chuma chakavu. Kumbe sikio lilirudishwa, likachomwa mara ya tatu, likapakwa rangi ya njano mpaka tumboni, na likapewa dalali.

Bernadeta anatukana kweli, na safari hii anatukana mtu, kwa jina la baba na la mama, mpaka fundi seremala wa jirani anachungulia juu ya ukuta.

"Bakuli hili ni lipi?" anauliza Said. "Mbona sielewi?"

"Ndilo lile la mlimani," anasema Mikaeli, na kwa gongo anagusa bakuli, kisha suruali yake iliyokunjwa gotini.

Said anakaa chini, mgongo kwenye tairi la fuso. Anasema hana pesa nyingine, kwamba ana kazi ya mtaro wiki ijayo, kwamba angelitumia kuchimba tu, asingelinyanyulia kitu. Anasema yote hayo akiutazama mguu usiokuwepo, na sauti yake inapungua yenyewe.

"Kila mtu huwa anachimba tu," anamjibu Bernadeta. "Mpaka siku kalavati linahitajika kunyanyuliwa. Mwanangu, milioni tatu na nusu zako zinaniuma. Nitakuandikia karatasi, naweka sahihi, na Mikaeli anaweka yake, uende nayo polisi ukamshtaki huyo dalali wako. Lakini hili halitoki hapa likiwa na masikio."

Said anauliza vibarua wake wa mtaroni Kisaki, anaowaweka chini ya bakuli kila siku, wangejuaje kwamba sikio limekufa. "Mmoja ni mdogo wangu," anasema. "Kata, mama."

Bernadeta anavuta miwani usoni na kuwasha gesi. Dakika kumi baadaye sikio la kushoto linaanguka kwenye udongo, na kishindo chake kinawashtua kuku wa jirani.

Mikaeli anasubiri lipoe. Kisha anaomba apewe, na analiviringisha kwenye gunia. Ana mpango nalo. Yeye na Bernadeta wamepanga kupanda mlimani kila Jumamosi, wakiwa na kopo la mafuta ya taa, kitambaa na vumbi la chaki, kuwafundisha vibarua kupima masikio wenyewe kabla hawajaingia mtaroni. Vifaa vyote havifiki shilingi elfu tano.

"Nataka kila mmoja apake kwa mkono wake, auone mstari ukitoka," anasema Mikaeli. "Nataka wajue kwamba weupe ule hauombi kitu. Unakwambia ondoka."

Jumamosi hii wanaanzia kwa mkandarasi yuleyule, ambaye amepata kazi nyingine ya makalavati, milima miwili kutoka pale alipomwacha Mikaeli. Je, hatawafukuza?

"Afukuze," anasema Bernadeta, akifunga mtungi wa gesi. "Vibarua wake wanakula saa saba, nje ya uzio. Tutakaa nao hapo, na sikio lake tutaliweka katikati ya sahani."