Mama Pumzi na Vitundu Vyake

Hebu mwone anavyoingia karakana ya umeme: mama mfupi, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, anayasalimu mapanga ya mtambo wa gesi kabla ya watu. "Hamjambo wanangu?" Wenzake humtania, "Mama Pumzi, na sisi je?" Naye hujibu, "Nyinyi hamkai motoni." Mapanga hayo huzunguka ndani ya moto ili kufua umeme, na hayayeyuki kwa sababu hewa hupita tumboni mwake na kutokea kwenye vitundu vyembamba kama vya sindano. Yeye huvizibua kwa waya, hupuliza hewa ndani, kisha husogeza shavu na kufumba macho, asikie kama kila kitundu kinapumua.

Juzi mtambo ulisimama na mji mzima ulikuwa gizani, na binti yake yuko hospitali akingoja umeme urudi apasuliwe.

"Dada, lifunge tu panga hilo," msimamizi akamsihi. "Kimeziba kitundu kimoja! Mwanao anangoja."

"Ndiyo maana, kaka. Panga likiungua, umeme utakatika akiwa kwenye meza ya upasuaji."

Sauti haikupanda. Akaushika waya kwa mikono miwili, akaendelea kuzibua polepole. Ungekuwa wewe ndiye mama, ungeweza kwenda taratibu hivyo?