Mwana Wani wa Nyawera

Kwetu Nyalukemba kuna maduka mawili ya dawa kabla hujafika barabara kubwa, lakini mama yangu alikuwa akipanda pikipiki mpaka Nyawera kwa mtu aliyemwita "muganga wangu". Dawa zake za presha nilimnunulia mimi. Huko alifuata nini? Nikimuuliza, alisema anaenda kusalimia tu. Roho iliniuma, sifichi.

Asubuhi moja nikamfuata. Duka la dawa la huyo muganga, sokoni Nyawera, halikuwa na kibao. Niliuliza wauza ndizi, wakanipeleka kwa wauza mitumba, na mbeba mizigo mmoja akanionyesha kwa kidevu mlango wa buluu uliokuwa nyuma yao. Kabla sijaufikia nilimsikia mama akicheka. Kicheko kile sikukijua. Nyumbani mama hucheka ameziba mdomo kwa kiganja.

Ndani, mwanamke wa rika langu alikuwa akimpima presha huku wakizungumza Mashi. Hiyo ndiyo lugha aliyozaliwa nayo mama, lakini sisi watoto alitukataza kuisema, ati itatuharibia Kifaransa cha shule. Ninajua maneno mawili tu, mwana wani, yaani mwanangu. Aliniambia hayo utotoni kila nilipopata homa. Na hayo ndiyo niliyoyasikia pale mlangoni, akiambiwa yule.

Nilipatwa na wivu kama wa mke mwenza. Nikamkagua kuanzia kitambaa cha kichwa hadi kandambili nikitafuta kasoro. Kucha zake zilikuwa fupi na safi. Hata sauti yake ilikuwa nzuri, na hilo nalo likaniudhi.

Mama aliponitambulisha, yule mwanamke akanivutia kiti. Alimtazama mama kwanza kama anayeomba ruhusa, mama akaitikia kwa kichwa.

"Zile dawa unamuletea zinamuzungusha kichwa," akaniambia. "Ameacha kumeza. Inafaa murudi kwa daktari, wamubadilishie."

Kumbe kila asubuhi nilipompa maji na kidonge, alikuwa akikitema nikishageuka. Nikamgeukia kwa hasira nikamuuliza kwa nini mtu wa nje ajue jambo hilo na mimi binti yake nisijue. Angeweza kufa mikononi mwangu. Mama akatazama viatu vyake.

"Ugonjwa yangu haijue Kiswahili, mama," akaniambia.

Siku hiyohiyo tulikwenda kwa daktari, akambadilishia dawa.

Tukirudi nyumbani nilimwomba anifundishe kusema "kichwa kinazunguka" kwa lugha yake. Akasema. Nikarudia, ulimi ukagongana na meno. Nikajaribu tena, sasa vibaya zaidi, na mama akacheka, kiganja mdomoni.

"Utaenda kwa dada yako wa Nyawera," akasema. "Ule atakufundisha muzuri."