Kikuba Barazani kwa Daktari

Juzi, kwenye baraza ya hospitali mjini, bwana mmoja alipiga chafya mfululizo mpaka machozi yakamtoka. Daktari alipotoka kumwita, mkewe ndiye aliyetangulia kusimama.

"Daktari, mtazame huyu. Kutwa dukani mzima. Akiingia chumbani kwangu, chafya na makamasi, halafu anakwenda kulala ukumbini. Kama kanichoka aniache, nirudi kwetu Ng'ambo."

"Sijakuchoka, bibi wee," alisema mume, leso puani.

Daktari alimtazama bibi. "Usiku unajitia nini?"

Bibi akasogeza buibui kidogo, tukaona kikuba, kishada cha maua ya asumini, kifuani. Daktari akakiomba, akakipeleka ndani na kufunga mlango. Tukangoja. Chafya zikapungua, zikakoma. Kikuba kiliporudishwa, bwana akaanza upya, na benchi zima likapiga kelele: "Ndicho! Ndicho hicho!"

"Asumini ni mzio wake," alisema daktari. "Vidonge nitampa, lakini maua yasiingie chumbani."

Bibi akamgeukia mumewe. "Na wewe mbona husemi?"

"Ningesemaje? Unajipamba kwa ajili yangu."

Tumefundishwa kutomvunja mtu moyo. Bwana huyu alizingatia mafunzo hayo mpaka akakaribia kuvunja nyumba.

"Basi leo unalala ndani!" alisema bibi mbele yetu sote. Wanawake wakapiga vigelegele. Nesi akatoka mbio kuwanyamazisha. Alipoambiwa sababu, akapiga na chake.