Mwanzi wa Bwana Harusi

Shule za Moroni zilipofungwa mwezi wa Julai, wenzangu wa mtaa wa Badjanani walikwenda kuoga pwani ya Itsandra. Mimi mama alinipakia melini kwenda Mutsamudu, kisiwa kingine, kwa kaka yake, fundi seremala. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikwenda huku nimenuna. Mjomba hakuwa na mtoto wa kiume. Alikuwa na binti mmoja, aliyenizidi miaka mitatu, na binti huyo hakutaka kusikia habari za vumbi la mbao. Watu walipomcheka mjomba kwa kunishikisha randa mimi msichana, aliwajibu kwamba kwetu nyumba ni ya mwanamke na mume huhamia humo na nguo zake tu, basi heri mmoja wa wenye nyumba ajue kitanda kinasimamaje.

Likizo ya kwanza nilifagia na kunoa patasi. Ya pili nikajifunza kuchonga ulimi wa ubao uingie kwenye tundu lake bila kugongwa sana. Mjomba hakuwa mtu wa kusifu. Alipitisha ukucha juu ya kiungo, na ukucha ukinasa, alinirudishia ubao kimya kimya. Mimi ni mwepesi wa hasira. Nilimchukia kila asubuhi mpaka saa nne hivi, halafu kazi ikanikolea nikasahau.

Likizo ya tatu tulikuwa na kitanda cha harusi ya binti yake, dada yangu huyo. Kilikuwa cha mbao za takamaka, miguu minene. Vichochoro vya Mutsamudu havipitishi kitanda kizima, kwa hiyo tulikichonga vipande vipande, viungo vikiwa vikavu, ili gundi itiwe humo humo chumbani kwa bibi harusi.

Karakana ile ilikuwa na kazi nyingine, nayo haikungoja likizo. Mtu akifa mtaani, watu wa msikiti walileta mwanzi uliokatwa kwa urefu wa maiti, nasi tukakata kwa kipimo hicho viunza, zile mbao za kumfunika kaburini. Mjomba alikuwa na sharti moja: mwanzi huo uvunjwe siku hiyo hiyo. Ukibaki mzima, alisema, unatafuta mtu mwingine. Mimi mwanafunzi wa lisee, shule ya sekondari, nilicheka moyoni.

Siku moja alikufa mzee mmoja mrefu kupita wote mtaani. Tukakata viunza, mjomba akajifuta jasho akaenda maziko. "Mwanzi huo uvunje," aliniambia mlangoni. Nikasema ndiyo, nikauegemeza pembeni, nikaendelea kupiga msasa.

Alasiri bwana harusi akapita. Alikuwa mwalimu, mtu wa Moroni, mrefu na mwenye kucheka ovyo, amekuja kuwasalimu wakwe. Akaniuliza kama miguu yake itatokeza nje ya kitanda. Futi ya kupimia ilikuwa mfukoni mwa mjomba. Nikanyoosha mkono pembeni, nikachukua kilichokuwepo.

"Simama wima, shemeji," nikamwambia.

"Nimesimama, fundi. Usinipunguze."

Nikachanja alama kwa patasi, vidole vitatu chini ya ncha. Alipoondoka ndipo nikaona nilichoshika. Nilipaswa kuuvunja papo hapo. Lakini sasa ulikuwa na alama yake, na mkono ukakataa. Mimi niliyecheka sharti la mjomba niliogopa kumvunja mtu. Nikauficha nyuma ya mbao. Mjomba aliporudi akauliza kama nimeuvunja, nikasema ndiyo.

Mdharau mwiba mguu huota tende. Ilikuwa miaka ya wale mamluki, wazungu wa bunduki na askari wao, na watu wazima waliwataja kwa kidevu tu, wakikielekeza upande wa barabara. Bwana harusi alirudi Moroni kuchukua vitu vyake. Juma la pili habari ikafika kwa meli: walimtoa darasani saa tatu asubuhi, mbele ya watoto, kwa sababu ya karatasi aliyoisoma au aliyoiandika, hakuna aliyejua hasa. Gari lilielekea kaskazini.

Mke wa mjomba alisema atarudi, na akirudi asikute chumba kitupu. Basi tukabeba vipande vya kitanda, tukapita vichochoroni, majirani wakitupisha bila kutupongeza. Mjomba aliunganisha ndani, mimi nikakaa uani na jiko la makaa nikichemsha gundi. Nilikuja na ule mwanzi nimeuzungushia gunia. Nilijiambia kwamba nikiuteketeza kabisa, alama na yote, huenda ataachiwa. Nikauvunja vipande vinne, nikavitia chini ya sufuria. Ulilia kidogo kwenye moto, kama mwanzi wowote. Gundi ikachemka vizuri, na kitanda kile hakijalegea mpaka leo.

Hakurudi. Hakukuletwa maiti, wala barua, wala kandambili zake. Mama yake alikwenda hadi lango la kambi ya mamluki siku nyingi, akaambiwa hawamjui.

Likizo iliyofuata dada aliingia karakana, yeye asiyependa vumbi, akasimama mbele yangu.

"Aliniambia ulimpima," alisema. "Kwa mwanzi, ukachanja alama. Alicheka sana aliponieleza. Naomba mwanzi huo, mdogo wangu. Kaburi sina. Nataka niusimamishe ukutani nione kichwa chake kilifika wapi."

Ningeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kusema, ndefu kabisa.

"Mjomba aliuvunja," nikasema. "Ulikuwa wa kupimia maiti."

Mjomba alikuwa mezani, mgongo kwetu, anapiga randa. Randa ikasimama. Alijua hakuuvunja yeye, na wakati huo nadhani akajua mengine yote. Akapuliza maranda, akasema bila kugeuka, "Ewa. Niliuvunja mimi."

Dada akatoka. Tangu siku hiyo alimhudumia baba yake kama inavyopasa, chakula kwa wakati, nguo safi, lakini hakumwita baba tena. Mjomba hakuutaja uongo wangu kamwe, kwake wala kwangu. Alinifundisha miaka mingine mitatu. Siku moja tu, nilipomletea kiungo ambacho ukucha haukunasa, alisema, "Sasa unaweza kubaki peke yako na karakana."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imenipitisha ujana wote. Mamluki walikwishaondoka na mimi nina karakana yangu Moroni, na bado siwezi kumpima mtu aliyesimama. Nampa futi, ajipime mwenyewe. Nikiwa peke yangu na randa, siangalii pembeni.

Mjomba alipofariki nilifika Mutsamudu kabla ya maziko. Watu wa msikiti wakaniletea mwanzi. Nilikata viunza vyake kwa mkono wangu, nikapitisha ukucha. Niliposhika mwanzi kuuvunja, dada alikuwa mlangoni, amejitanda shiromani, macho makavu.

"Huo usiuvunje," alisema. "Wa kwangu aliuvunja, wake nitauweka. Hivyo nitamsamehe."

Alinyoosha mkono. Mdomo wangu ulifunguka, naapa ulifunguka, kisha nikampa mwanzi.

Umesimama chumbani kwake kando ya kitanda. Nikienda kumsalimu hunitandikia hapo, juu ya takamaka ile, na kuniambia nilale vizuri, kwa kuwa mimi ndiye niliyempima mumewe.