Pete ya Volan na Mama wa Mikate

Volan ya motere ya mashua ni gurudumu zito la chuma, limevaa pete ya meno ambayo demareri, kile kimotere kidogo cha kuwashia, inashika ili kuwasha. Meno yanalika upande mumoja, juu motere ikizimika inapenda kusimama palepale. Mimi pia kuna habari moja ninarudiaga palepale, lakini tuiache.

Dawa ni kupasha pete moto mupaka ipanuke, kuizungusha kidogo ili meno mazima yakuje pale, na kuishusha mahali pake mara moja. Ikipoa katikati, imekwama.

Siku ile ku ziwa, nikitengeneza mashua moja, niliomba moto kwa mama mumoja anayekaanga mikate. Mwenye mashua alikuwa ameenda kutuliza abiria wake wa kwenda Minova. Nikainua pete na koleo, nikaishusha polepole, pete ikalala upande. Nikaigonga itoke, nikairudisha ku makala ya moto. Mara ya pili, vilevile. Ukiigonga sana inapasuka, na ingine sikujua nitaitoa wapi.

“Muzee, unaiogopa,” mama akasema.

“Siiogopi, mama. Ni mikono imezeeka.”

“Basi leta. Miye nageuza mikate tangu niolewe.”

Akaishusha sawasawa, ikalia ta! ikatulia.

Nikafunga volan, motere ikawaka. Mwenye mashua akarudi mbio: “Papa, hakuna fundi kama weye!”

Mama akanitazama. Nikaipokea ile sifa kama yangu, mupaka mashua ikatoka. Kisha nikakaa ku kibao chake, nikanunua mikate mitano, nikaila yote bila njaa, juu sikujua namna ingine ya kumuomba musamaha.