Furushi Lililofungwa Mara Mbili

Ulikuwa mwaka ule barabara ya shamba la mifugo ilipotiwa lami. Hapana, nisiwadanganye. Lami ilikuja mwaka uliofuata, maana siku Dobi alipokwenda kule shambani alirudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Basi ulikuwa mwaka mmoja kabla ya lami, tuuache hapo.

Dobi huyu alikuwa na jina lake, lakini hata marehemu mkewe alimwita Dobi. Mtu mpole, wa maneno machache, mikono mikubwa iliyochujuka kwa sabuni. Miaka ishirini na miwili alikuwa akifua makoti meupe ya madaktari wa mifugo na wahudumu wa lile shamba la mbuzi wa maziwa. Kila Alhamisi gari la shamba lilimwachia furushi la makoti machafu lililofungwa kwa shuka kuukuu, likaondoka na masafi. Mbuzi wenyewe hakuwahi kumgusa hata mmoja. Aliogopa pembe tangu utotoni, na watu walimcheka kwa hilo.

Kila fundi ana namna yake. Namna ya Dobi ilikuwa kukung'uta. Wenzake wengine huchukua koti lenye damu na kulitosa majini moja kwa moja, ndiyo maana makoti yao hayaishi mawingu ya kahawia. Yeye alilitundika kwanza kwenye kamba uani likauke kabisa, kisha akalichapa kwa ufito, pa, pa, pa, mpaka magamba ya damu na ya maji ya uzazi wa mbuzi yakapeperuka kama pumba. Ndipo maji baridi, ndipo sabuni, ndipo buluu ya kung'arisha weupe.

Bintiye wa mwisho aliitwa Vifungo, kwa sababu alipokuwa na miaka miwili alimeza kifungo cha koti, nyumba nzima ikakaa siku tatu ikikisubiri. Mwaka huo alikuwa amerudi kwa baba yake na mimba ya kwanza, miezi sita, mumewe yuko kazini mbali. Alikaa kizingitini karibu na kamba, akikaza vifungo vilivyolegea huku baba akikung'uta.

"Baba, vumbi lako linaniingia puani."

"Pole, mama. Mjukuu wangu azoee mapema, karakana yake ndiyo hii."

"Mjukuu wako atakuwa rubani."

"Rubani naye si ana shati? Nani atamfulia?"

Dobi alikuwa amekwisha kununua beseni dogo la manjano la kumwogeshea mtoto, akalitundika ukutani juu ya pasi. Hakuna mteja aliyetoka mle bila kuoneshwa lile beseni.

Msimu huo makoti yalikuja machafu kupita kiasi. Dereva wa shamba, ambaye watu walimwita Breki kwa kuwa hakuwa na mazoea nazo, alisema mbuzi wanatupa mimba. "Jana tisa, leo sita, mzee wangu. Madaktari wanashinda zizini wamezama mpaka viwiko."

"Poleni," Dobi akasema, akabeba furushi lake.

Haikupita muda homa ikamwangusha. Kichwa kilimgonga nyuma ya macho, jasho likalowesha godoro, kifua kikabana. Kule zahanati, tabibu akamwuliza bila kuinua uso:

"Unafuga? Ng'ombe, mbuzi, kondoo?"

"Sifugi hata kuku, daktari."

"Basi ni malaria."

Kipimo kilisema malaria hakuna. Tabibu akakitazama kipimo kama mtu aliyetukanwa, kisha akaandika dawa ya malaria. Dobi akameza dozi ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, masikio yakivuma. Kwamba mgonjwa huyu anafanya kazi gani, hilo halikuulizwa, wala karatasi yao haikuwa na mahali pa kuliandika.

Akiwa bado anayumba, Alhamisi moja gari likaja. Siku hiyo Breki alikuwa amevaa glavu. Furushi halikuwa kwenye shuka, lilikuwa kwenye mfuko mzito wa plastiki, na mfuko huo ndani ya mfuko mwingine, yote miwili imepigwa mafundo ya kukaza. Alilishika kwa mbali kama mtu aliyebeba panya aliyekufa.

"Leo mmenifungia kistaarabu," Dobi akamtania. "Mmepata bwana mkubwa mpya?"

Breki akacheka kidogo. "Nimepewa hivyo hivyo, mzee. Mimi napeleka tu." Na akaondoka hata chai hakusubiri.

Dobi alihangaika na yale mafundo kwa meno. Kwa meno! Kisha akatundika makoti kumi na manne, akangoja yakauke, akakung'uta. Vifungo alikuwa pale pale kizingitini na sindano yake.

Alhamisi iliyofuata gari halikuja, wala iliyofuata. Wiki ya tatu Vifungo akashikwa na homa ile ile, ya nyuma ya macho. Siku ya tano uchungu ukaja kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa wa kiume, kucha zimetimia, na hakulia. Lile beseni la manjano lilitumika mara moja.

Baada ya maziko, Dobi alipiga pasi makoti kumi na manne, akayakunja, akayabeba kichwani mpaka shambani kwa miguu. Kazi ya watu ni kazi ya watu, na kukaa nyumbani kulikuwa kunamtia wazimu. Akakuta wafanyakazi wamepanga foleni mbele ya ofisi, mikono ya mashati imekunjwa, muuguzi anawatoa damu mmoja mmoja. Mlangoni palibandikwa orodha ya majina, na pembeni yake barua ya maabara yenye majibu ya vipimo vya mbuzi.

"Kuna nini hapa, binti?" Dobi akamwuliza muuguzi.

"Tunawapima homa ya Kyu, baba."

"Kyu ndiyo nini?"

"Ni herufi tu. Ni ugonjwa wa mbuzi na ng'ombe na kondoo. Vijidudu vinakaa kwenye maji ya uzazi. Yakikauka vinakaa kwenye vumbi siku nyingi, mtu anavivuta. Dawa ipo, vidonge vya wiki mbili. Ila mwenye mimba ni hatari, mimba inaweza kutoka."

Dobi akatua makoti chini. "Na koti? Koti lililokauka likakung'utwa?"

Muuguzi akayatazama yale makoti, kisha akamtazama yeye.

Dobi hakuwa msomaji sana, lakini tarehe alizijua, maana dobi anaishi kwa tarehe. Barua ilikuwa imepigwa muhuri wa kupokelewa Jumatatu. Jumatatu ya wiki ile ile ya glavu. Akapitisha kidole kwenye orodha: madaktari, wahudumu, mlinzi wa geti, hata mwanamke wa kupika chai. Dobi hakuwemo.

Akaingia ofisini kwa daktari mkuu bila kubisha, yeye ambaye kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akivua viatu mlangoni pale.

"Mzee wangu, pole kwa msiba," daktari mkuu akasema, akiinuka. "Tumesikia. Lakini elewa, orodha ni ya wanaoingia zizini. Wewe hujawahi kuingia zizini."

"Zizi limeingia kwangu!" Sauti ilitoka ambayo hakuwa akijua kama anayo, foleni yote nje ikageuka. "Kila Alhamisi! Mmeliingiza nyumbani kwangu likiwa limekunjwa, mkaliweka mapajani kwa mwanangu!"

"Hakuna anayeweza kuthibitisha kwamba..."

"Pima basi! Mpimeni!"

Muuguzi ndiye aliyeandika majina mawili mwisho wa orodha kwa kalamu yake, hakumwomba mtu ruhusa. Majibu yalipokuja, baba na binti wote walikuwa na homa ya Kyu. Walimeza vidonge, homa ikatoka. Vifungo alirudi kwa mumewe. Dobi akaacha makoti ya shamba, akabaki na shuka za nyumba za wageni, na ufito akauchoma.

Mafurushi ya kabla ya ile barua aliyasamehe. Hawakujua, naye hakujua. Lile moja tu halikushuka kooni. Aliyelifunga alijua. Aliilinda mikono ya Breki, akalilinda na gari, akapiga fundo juu ya fundo, na mtu wa kufungua hakumfikiria hata kwa mstari mmoja wa maneno. Dobi alimwuliza daktari mkuu, akaambiwa aende kwa utawala. Utawala wakatazamana. Breki alianza kupita njia nyingine. Dobi akaliandikia shamba barua, kwa mkono, mara mbili, na swali lilikuwa moja tu, hata salamu hakuweka:

"Nani alisema furushi langu lifungwe mara mbili?"