Sanduku la Hewa la Pikipiki ya Baba

Ukiuza mitumba hapa Busia kama mimi, unajifunza kukagua mshono kabla ya kuitazama nguo. Mtu akinisalimia kwa uchangamfu uliozidi, mkono wangu unakwenda wenyewe kwenye mkoba. Basi fundi wa pikipiki aliponiambia, "Mama, hii box tupa tu," nikajua analitaka yeye.

Sanduku lenyewe ni la chuma, linakaa chini ya kiti, na ndani yake ndimo linamokaa chujio la hewa. Pikipiki ni ya baba, ya enzi zile ambapo mtu akinunua pikipiki kijiji kizima kilikuja kuishangaa. Baba yuko Paya, ana presha, na kliniki yake iko Tororo. Bodaboda hapandi, anasema vijana wale wana haraka ya kaburi. Gari linamtapisha. Anachokubali ni pikipiki yake tu, mimi nikiendesha, yeye nyuma akinielekeza njia ninayoijua. Na silinda yake ilikwisha kuchongwa mara ya mwisho. Chuma kilichobaki ni chembamba, hakichongeki tena. Vumbi likiingia humo, injini imekufa, na mzee atakaa nyumbani na presha yake mpaka imwangushe. Niliogopa sana, sifichi.

Chujio lake la karatasi halipatikani tena popote. Ndilo lililonipeleka kwa fundi.

"Natoa box, naweka chujio ile ya koni," alisema. "Hewa nakuja mingi. Pikipiki nakimbia mpaka wewe naogopa."

"Kuogopa sijakuja kununua. Na sanduku litakwenda wapi?"

"Hii ni takataka, mama."

Takataka gani inashikwa kwa mikono miwili? Sote tunajua masanduku ya namna ile yana wateja wake huku mpakani, watu wanaovusha vitu vidogo visivyopenda kuonekana. Nikafanya tunavyofanya wote tukipeleka chombo kwa fundi: nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, nikatoa rangi ya kucha, nikatia nukta nyekundu kwenye kabureta, kwenye sanduku, na kwenye kila skrubu niliyoifikia, nijue kitakachobadilishwa.

"Mama, na mimi natia rangi?" aliuliza akicheka.

"Ukisogea, utapakwa."

Koni niliifuata upande wa Kenya. Muuzaji aliipangusa kwa shati lake. "Madam, hii ni orijino. Siwezi kukuuzia feki, we ni kastoma wangu."

"Leo ndiyo mara ya kwanza kukanyaga hapa."

"Si ndiyo umeanza sasa?"

Nikawasha tochi ya simu nikaiingiza ndani ya koni. Mwanga ukatokeza upande wa pili kwa vitundu vitundu. Panapopita mwanga wa namna ile, vumbi halibishi hodi. Hata hivyo niliichukua, kwa masharti ya kuirudisha, maana neno la tochi peke yake silo ushahidi.

Nilichana kipande chepesi cha shimizi nyeupe kutoka kwenye bando langu, nikakifunga kwenye mdomo wa kabureta, nyuma ya koni, kisha nikashika njia ya Paya. Kiangazi kilikuwa kimekaza, na kila lori lililonipita liliniachia barabara nzima usoni. Nilipofika nikakifungua kile kitambaa: kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nikachomoa plagi. Ilikuwa nyeupe, imeungua, dalili kwamba injini inavuta hewa kuliko petroli. Fundi alipoiona akasema tubadilishe jeti ya kabureta, tuweke kubwa, petroli iongezeke. Nikamuuliza na vumbi nalo tunalipunguza kwa jeti? Akajikuna shingo.

Koni ikarudi kwa mwenyewe, tena kwa maneno mengi. Nikaamua: sanduku la zamani libaki, ndani yake sponji nene, ichovywe kwenye oili na kukamuliwa vizuri. Fundi aliikata ikaenea sawasawa, huku akinung'unika kwamba hata jikoni kwake mke wake hasimamiwi hivyo. Nilimjibu kwamba mke wake hajawahi kuniuzia kitu.

Nikaweka kitambaa kingine cheupe, nikaenda tena Paya, maana kesho yake ilikuwa siku ya kliniki. Nilikifungua uani kwa baba. Kitambaa kilikuwa safi, isipokuwa upande mmoja: mstari mwekundu wa vumbi, mnene kama kidole.

Nikamlaani fundi papo hapo. Nikajiambia amebadilisha sanduku. Nikatazama nukta zangu, zote zilikuwepo, pamoja na ile niliyoivuruga kwa dole gumba. Nikakagua sponji, nyuma yake palikuwa safi kabisa. Kwa hiyo vumbi halikupita kwenye sponji. Lilikuwa linaingilia mahali pengine, ndani ya sanduku lenyewe.

Baba akatoka na fimbo yake. "Unafungua nini hapo?"

"Sanduku la hewa."

"Liache. Najua mnataka kuiuza vipande vipande." Tangu mama afariki, mtoto yeyote anayegusa skrubu ni muuzaji.

"Baba, nisipofungua injini itakufa."

"Ife ikiwa nzima."

Akageuka akarudi ndani. Nikafungua. Nyuma ya sponji niliona ukuta wa bati ulioungwa kwa risasi ya kuchomelea, kwa ustadi, na nyuma ya bati palikuwa na chumba kidogo chenye mlango wake chini ya kiti, ambao hungeuona bila kukiondoa kiti. Nimekulia mpakani, sikuhitaji kuelezwa. Upande mmoja haukuungwa, na kwenye ufa huo kati ya bati na sanduku kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa na kushonwa, kimeoza upande mmoja. Hapo palipooza ndipo vumbi lilipopita, likitokea kwenye mlango ule. Nikakichomoa. Juu kilikuwa na ua la gomesi moja, lile gauni refu la akina mama, chini yake la gomesi nyingine, chini yake nyingine tena, kila tabaka limeshonewa juu ya lile lililochakaa.

Nilimfuata baba ndani nikamwambia nimeona chumba.

"Fundi amekiona?"

"Mimi tu."

Akakaa kitandani. Alikuwa msomaji wa kanisa, na zamani zile askari wa mpakani walimpungia mkono apite, mtu wa Mungu na Biblia yake kifuani. Nilitaka aniambie ilikuwa chumvi, au dawa za wagonjwa.

"Saa," alisema. "Saa za mkono. Ulidhani kanisa ndilo lililokusomesha?"

Nilikasirika. Mtu huyu alitupiga viboko kwa kuficha ndizi. "Na mama?"

"Mama yako hakujua. Alikuwa mtu safi yule. Angejua, angeniacha."

Nikamwekea kile kitambaa mapajani. Alikitazama, kisha akanitazama mimi vile ninavyowatazama wauza koni. "Umekishona wewe, ili niseme mengine."

"Kilikuwa kwenye ufa wa bati, baba. Kinazuia vumbi. Mtu alikuwa akikibadilisha kila kilipochakaa, ndiyo maana injini imeishi mpaka leo. Sasa hakuna wa kukibadilisha."

Akakisogeza dirishani. Mama alishona kwa mkono wa kushoto, na nyuzi zake zote zililala kinyume; hakuna mwingine nyumbani aliyeshona hivyo. Baba alipitisha kidole juu ya nyuzi za tabaka la kwanza, akalifunua, akapitisha juu ya la pili. Alipofika la chini kabisa, nikaona aibu kumtazama.

"Gomesi hii aliacha kuivaa nilipokuwa sijamaliza hata mwaka tangu nitie bati lile," alisema.

Alikikunja kile kitambaa taratibu kufuata mikunjo yake ya zamani, akakishika kwa mikono miwili.

"Na mimi kila Jumapili," alisema, "nikiwaongoza watu wote kusali, sala yangu mwenyewe ilikuwa moja tu: asijue."